Mhariri, nani anamgeuza msanii kuwa mke wa mtu?

Mhariri,

Naandika kuhusu ile makala ya maonyesho ya sanamu mliyoitoa wiki mbili zilizopita, ile ya ukurasa wa utamaduni yenye picha kubwa ya dada amesimama katikati ya kazi zake. Nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza kama msomaji tu, mara ya pili nikiwa na hasira, mara ya tatu nikashika kalamu nikaanza kuhesabu. Aya ya kwanza gauni lake. Aya ya pili mumewe na kazi anayofanya mumewe. Aya ya tatu watoto, na lile swali la anawezaje kuchonga na kulea kwa wakati mmoja. Aya ya nne tabasamu. Sanamu zenyewe zimekuja kutajwa aya ya tano, tena kwa sentensi moja kwamba ni "za kuvutia", basi, alafu tukarudishwa nyumbani kwake.

Mi yale maonyesho niliyaona kwa macho yangu. Ile sanamu kubwa ni waya wenye kutu uliosukwa kama mtu anavyosuka kikapu, na kwa ndani umeshonewa vipande vya nguo kuukuu, yaani mpaka uiname uchungulie ndo unaona mishono midogomidogo ya mkono ambayo ukisimama mbali huioni kabisa, na ukizunguka nyuma, kile kitu kilichoonekana kizito kama jiwe ukiwa mbele kinakuwa hewa na waya tu. Hapo pana mambo ya kuandika ukurasa mzima. Na chini ya picha mmeweka "Msanii akiwa na kazi zake". Jina hakuna.

Sitaki kumrushia mawe mwandishi peke yake, manake viti vyote viwili nimevikalia, nimeandika uhakiki wa sanaa na baadaye nikahariri wa wenzangu. Msomaji anadhani mwenye jina pale juu ndo kaandika kila neno, kumbe kichwa cha habari kimewekwa na mtu mwingine, picha imechaguliwa na mtu mwingine, maelezo chini ya picha kaandika mtu mwingine saa tatu usiku huku anaangalia saa, na ile sentensi inayotolewa pembeni kwa herufi kubwa imechaguliwa na mtu ambaye hata maonyesho hajafika. Mwandishi anaiona makala yake asubuhi pamoja na sisi wengine. Kwa hiyo tukisema uhakiki uwe na maadili, uangalie wanawake kwa haki, uwe wa kifeministi kwa neno lenyewe, tusimalizie kwa mwandishi. Twende mpaka dawatini kwa wahariri.

Niliwahi kuandika kuhusu wachoraji wawili, mke na mume, waliokuwa na maonyesho ya pamoja. Nusu ya kwanza nikaandika ya mume, nusu ya pili ya mke, nikaona nimetenda haki kabisa. Likaja tangazo la dakika za mwisho, nafasi ikapungua, na mnajua nyinyi gazeti hukatwa kutokea chini. Ikatoka makala ya mume. Kichwa cha habari kikabeba jina lake na neno "mkewe", picha ikapunguzwa upande mmoja ili iingie kwenye safu na upande uliokatwa ndo alikuwa amesimama yule dada, ukabaki mkono wake tu begani kwa mume. Alinipigia asubuhi ileile. Hakugomba, aliniuliza tu, "Dada, picha zangu kumi na moja ulizikalia karibu saa nzima ukiziangalia, zimeenda wapi?" Ningeweza kumwambia ni mhariri, na ni kweli aliyekata ni mhariri, lakini aliyemweka wa pili ni mimi, na nilimweka wa pili bila hata kufikiria, kama vile ndo utaratibu wa dunia. Anayewekwa chini ndo anayekatwa. Tangu siku ile kila nikiandika watu wawili najiuliza, hii ikikatwa nusu anabaki nani?

Na msifikirie ukiweka mwanamke kwenye meza ya habari tatizo limeisha. Mwaka 1933 Frida Kahlo, mchoraji wa Mexico, alikuwa Detroit, Marekani, na mumewe Diego Rivera, mchoraji pia, aliyekuwa anachora zile kuta kubwa za makumbusho ya sanaa ya mji ule. Gazeti la Detroit News likatoa habari ya Frida, imeandikwa na mwanamke, na kichwa chake kwa Kiswahili ni kama hivi: mke wa bingwa wa michoro ya ukutani achovyachovya kwenye sanaa kwa furaha. Kuchovyachovya! Wakati mwaka mmoja kabla, hukohuko Detroit, Frida alishachora ile picha yake akiwa amelala uchi kwenye kitanda cha hospitali baada ya kupoteza mimba, shuka lina damu, mkononi ameshika nyuzi nyekundu kila moja imefungwa kwenye kitu, kimoja kichanga, kingine konokono, kingine mfupa wa nyonga. Na ndani ya habari ileile mwenyewe kamwambia mwandishi kwamba Diego anajitahidi kwa mtoto mdogo wa kiume lakini msanii mkubwa ni yeye Frida. Maneno yapo, yamechapishwa, mtu akafika mezani akayapita akaenda kuchukua neno "mke". Mwaka 1939 serikali ya Ufaransa ikanunua picha yake, lakini kichwa kile hakikufutika, mpaka leo watu wanakitaja.

Sasa kuna jambo moja linaniuma zaidi sisi tunaoandika Kiswahili. Lugha yetu imetupa kitu ambacho wenzetu wengi wanakihangaikia. "Yeye" ni yeye, haisemi mwanamume wala mwanamke. Mchoraji ni mchoraji, mchongaji ni mchongaji, mfinyanzi ni mfinyanzi. Waandishi wa Kiingereza na Kifaransa wanahangaika na viwakilishi vyao, sisi ukiandika "amechora", "amekata", "ameunganisha", msomaji anaiona kazi kabla hajamwona mtu ni wa jinsia gani. Alafu tunachukua zawadi hiyo tunaiharibu wenyewe kwa kuongeza "wa kike". Msanii wa kike. Mchongaji wa kike. Hebu nitafutieni kwenye magazeti yenu ya mwaka mzima ni wapi mmeandika "mchongaji wa kiume". Hakuna, kwa sababu kichwani mwetu mchongaji ameshakuwa mwanaume, huyu mwingine ndo anahitaji kuelezewa. Kama jinsia yake inahusika na kazi, sema inahusika vipi, sentensi nzima, tuelewe. Kama haihusiki, hilo neno halina kazi hapo.

Na kuna sifa zinazotukana. Hans Hofmann, mwalimu mkubwa wa uchoraji, alimsifu mwanafunzi wake Lee Krasner kwamba kazi ni nzuri kiasi huwezi kujua imefanywa na mwanamke. Alidhani anampa zawadi. Na sisi tunazo za kwetu, "amejitahidi", "amethubutu", "hajabaki nyuma", "licha ya majukumu ya nyumbani". Hiyo ya mwisho nimeiandika mwenyewe, si mara moja. Mwanaume mwenye watoto wanne akichora picha hamsini hakuna anayeuliza watoto walikuwa na nani.

Jina lenyewe tu jamani, jina. Judith Leyster alikuwa mchoraji wa Haarlem, Uholanzi, karne ya 17, alisaini kazi zake kwa herufi J na L zimeunganishwa pamoja na nyota, kwa sababu jina lake lilimaanisha nyota ya kuongozea. Alipokufa mwaka 1660 alisahaulika na picha zake zikawa zinauzwa kama za Frans Hals, mchoraji mwanaume maarufu wa mji uleule. Ikafika 1893 ndo mtaalamu mmoja, Hofstede de Groot, akaitambua saini ile kwenye mchoro uliokuwa umenunuliwa kama Hals, na ugomvi wa picha ile ukafika mahakamani, manake aliyenunua Hals hakutaka kulipa bei ya Hals kwa kazi ya Leyster. Mchoro ni uleule. Nyuso ni zilezile, rangi ni ileile, brashi imepita palepale. Kilichobadilika ni jina chini ya picha. Ndo maana nikiona "Msanii akiwa na kazi zake" siwezi kuambiwa ni kosa dogo la uchovu, zaidi ya miaka 200 ya mtu ilipotea kwa kitu kama hicho hicho.

Upande mwingine kuna maisha ya msanii, na hapa hata sisi tunaojiita watetezi tunakosea. Artemisia Gentileschi, mchoraji wa Italia, alizaliwa Roma 1593, mwaka 1611 akabakwa na mchoraji aliyekuwa rafiki wa kazi wa baba yake, mwaka 1612 kesi ikasikilizwa na yeye mwenyewe aliyeumizwa ndo akabanwa vidole kwa kamba ili waone kama anasema kweli. Haya yamo kwenye kumbukumbu za mahakama na sisemi yafichwe. Ila sasa mtu hawezi kuandika kuhusu picha yake yoyote bila kuanzia pale, kila rangi nyekundu ni ubakaji, kila kisu ni kisasi. Alafu unakuta picha yake ya Susana na wazee wawili wanaomchungulia akioga ina tarehe ya 1610, ana miaka 17, kabla ya yote hayo. Tayari alijua kuchora mwili wa mwanamke anayejikunja kuepa macho, kwa sababu alikuwa mchoraji hodari, siyo kwa sababu mtu alimuumiza.

Hebu angalia ile ya Judith anamkata kichwa Holofernes, siyo Judith Leyster, huyu ni wa hadithi ya kale ya mjane wa Kiyahudi aliyemuua jemadari wa adui. Caravaggio, mchoraji maarufu wa Italia, alishaichora hadithi hiyohiyo kabla yake, na kwake mtumishi ni bibi kizee amesimama pembeni na kitambaa, anasubiri, na Judith mwenyewe amejivuta nyuma kama mtu anayeogopa kuchafuka. Artemisia kamfanya mtumishi kuwa msichana mwenye nguvu, yuko juu ya yule mwanaume, anamkandamiza kwa uzito wake wote, na Judith amekunja mikono ya gauni, mikono yote miwili imenyooka, mmoja umeshika nywele na kugandamiza kichwa kitandani, mwingine unasukuma upanga. Ni kazi ya watu wawili na inaonekana ni ngumu. Huyu mtu kajiuliza, hivi kichwa cha mwanaume mzima kinakatwaje hasa, inahitaji mikono mingapi, nguvu inatoka begani au kiwikoni? Hapo ndo pa mhakiki. Ukimaliza kuniambia hayo, niambie na ya mahakamani kama unaona yananisaidia kuona zaidi, nitakusikiliza. Ukianza na ya mahakamani mikono ile sitaiona.

Na Artemisia amekufa, hana simu. Msanii aliye hai anayo. Kama kuna ndoa iliyovunjika, ugonjwa, kupigwa, kupoteza mtoto, mwandishi amepata kusikia kwenye maongezi ya studio wakati kinasa sauti kimezimwa, apige simu aulize, hili unataka liandikwe? Kuuliza hakumpi msanii ruhusa ya kuhariri maoni ya mhakiki kuhusu kazi, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na watu wanayachanganya kila siku. Maoni ni ya mhakiki. Maisha ni ya mwenyewe.

Tusisahau na waliochorwa. Mwaka 1865 mchoraji Mfaransa Édouard Manet alionyesha Paris picha yake ya Olympia, mwanamke mweupe uchi kitandani na mwanamke mweusi amemletea maua. Maandishi mengi sana yalimwagwa kuhusu yule wa kitandani, na aliyeshika maua akaitwa mtumishi tu, au akaitwa kwa rangi yake. Na Manet mwenyewe alikuwa ameandika jina la huyo wa maua kwenye daftari, Laure, na anwani alipokuwa anaishi! Yaani jina lilikuwepo muda wote, hakuna aliyelitaka. Mwaka 2019 makumbusho ya Orsay, hukohuko Paris, yalifanya maonyesho makubwa ya watu weusi waliokaa kuchorwa, na ile picha ya mwaka 1800 aliyoichora Marie-Guillemine Benoist, iliyoitwa kwa rangi ya mwanamke aliyechorwa ikaandikwa jina lake, Madeleine. Hakuna aliyegusa rangi hata tone. Ilikuwa kazi ya kuhariri, maneno machache kwenye kibao ukutani.

Neno moja linaweza kulinda na neno moja linaweza kuficha. Gauguin, mchoraji Mfaransa, alipokwenda kisiwa cha Tahiti kwenye bahari ya Pasifiki 1891 alikuwa mtu wa miaka 43, na msichana aliyemchukua na kumchora alikuwa na miaka kama 13 kwa maandishi ya Gauguin mwenyewe. Bado nasoma makala za Kiswahili zinamwita "mpenzi wake", "kimwana wa Tahiti". Mhariri, miaka 13. Sisemi picha zichomwe moto, sisemi tusiziandike, nasema andika umri. Weka namba ile karibu na picha, msomaji ataamua mwenyewe anasimama wapi.

Na kuhusu picha mnazochagua: mwaka 1989 kundi la wasanii wanawake wanaovaa vinyago vya sokwe, Guerrilla Girls, lilikwenda kuhesabu makumbusho ya Metropolitan pale New York, wakatoa bango kwamba kwenye sehemu za sanaa ya kisasa wasanii wanawake hawafiki asilimia 5 lakini asilimia 85 ya waliochorwa uchi ni wanawake. Walihesabu tu kwa macho na kalamu. Nanyi mnaweza kuhesabu kurasa zenu za mwaka mmoja, wangapi wamehakikiwa, wangapi wamepigwa picha tu, na kazi ya nani imepewa picha kubwa. Ni shughuli ya siku moja.

Naomba nisieleweke vibaya kwenye hili linalofuata. Uhakiki wa kifeministi siyo kusifia. Kuna wahariri wanaojitetea kwamba "tumempa nafasi mwanamke, tumemsifia, mnataka nini tena", na mi nasema sifa ya huruma ni namna nyingine ya kutomsoma mtu. Wachoraji wanaume wanapigwa kwenye uhakiki, wanaambiwa huyu amejirudia, huyu anamwiga mwalimu wake, huyu ukubwa wa turubai unaficha uchache wa mawazo, na kupigwa huko ndo kunawafanya waonekane watu wa kubishana nao. Yule dada wa sanamu za waya, mi naona sanamu mbili za mwisho hazijafika, vitambaa vimezidi mpaka waya umepotea, na naamini angependa kusikia hivyo kuliko kusikia habari ya gauni. Ila kwanza lazima mtu aziangalie.

Sasa mnaweza kufanya nini. Mwandishi akileta rasimu na sentensi haieleweki, mwandikieni swali pembeni, "hapa ulimaanisha nini?", msiiandike upya kimyakimya, manake mkiandika upya mnaandika na mazoea yenu humohumo. Kichwa cha habari msomeeni kwenye simu kabla hakijaenda, dakika moja inatosha. Chini ya kila picha liwekwe jina la msanii, jina la kazi, mwaka, imetengenezwa kwa nini, ukubwa wake, na aliyepiga picha naye atajwe. Kama galeri ndo imemlipia mwandishi nauli na malazi, iandikwe hapohapo kwenye makala, na kama mwandishi ni rafiki au shemeji wa msanii apewe mtu mwingine kazi hiyo. Mkikosea, sahihisho likae ukurasa uleule wa utamaduni, siyo kule nyuma chini ya matangazo ya vifo. Na walipeni wahakiki wenu jamani, mtu anayelipwa ya saa moja hawezi kukaa saa tatu mbele ya sanamu, ataandika gauni kwa sababu gauni linaonekana haraka.

Kwa hii ya wiki mbili zilizopita naomba mtoe tena ile picha, hata ndogo, na jina lake chini. Mi kwenye nakala yangu nimeshaliandika kwa kalamu, na jina la ile sanamu, na waya, na vitambaa, na urefu wake niliokuwa nimeuona kwenye kibao, lakini hiyo ni nakala moja, iko kwenye droo yangu.

Msomaji wenu wa siku nyingi